Ekografi ya titi si zawadi ya Oktoba: barua ya wazi kwa wakuu wa Haut-Katanga

Mheshimiwa Gavana, Mheshimiwa Waziri wa Afya wa jimbo, Daktari Mkuu wa Divisheni ya Afya, nanyi waheshimiwa wabunge mnaopitisha bajeti ya jimbo letu,

Nawasalimu kwa heshima.

Kila Oktoba, mwezi wa kampeni ya kansa ya titi, Lubumbashi inavaa waridi. Vikwembe vinachapishwa, tisheti zinagawiwa, maandamano yanaishia kwenye hotuba, na gari la vipaza sauti linapita komuni za mji, Kenya, Katuba hadi Ruashi, likiita: "Bamama, mukuye bote, ekografi ya mabele ni bule!" Akina mama wanakuja kweli. Wanapanga foleni tangu asubuhi, watoto mgongoni. Wengi wao hawana maumivu wala hawajagusa uvimbe wowote. Wamekuja kwa sababu wamesikia kwamba kipimo hiki kinawakinga na kansa.

Hakuna kipimo kinachokinga kansa ya titi. Kipimo kinaiona tu, kikiweza. Na ekografi, yaani ultrasaundi, jinsi tunavyoitumia siku zile za sherehe, mara nyingi haiwezi.

Mimi ni muuguzi. Nilianzia kwenye uzazi, nikafundishwa ekografi ya wajawazito, baadaye nikaongezewa mafunzo ya titi. Siku zangu nazimalizia ndani ya chumba chenye pazia, kitanda kimoja na mashine inayopiga kelele kila SNEL inapokata umeme. Mashine hiyo naipenda, na sitaki mtu yeyote asome barua hii akadhani naipiga vita. Ninachopinga ni mahali ilipowekwa. Kipimo ambacho katika nchi nyingi ni cha pili kwa wasio na dalili, sisi tumekifanya cha kwanza na cha mwisho. Wanaolipia jambo hilo ni wanawake wazima wanaorudi nyumbani na hofu, na wanawake wagonjwa wanaorudi na amani ya uongo.

Naomba mnivumilie nieleze kwa urefu kidogo, maana najua wengi wenu hampewi maelezo haya. Mnaletewa tu karatasi ya kampeni muweke sahihi.

Kumpima mtu asiye na dalili yoyote, ule uchunguzi tunaouita depistaji, ni kazi moja. Kumpima mwanamke aliyekuja kwa sababu amegusa kitu ni kazi nyingine kabisa, hata kama mashine ni ileile. Kwa depistaji, kipimo cha kwanza ni mamografi: titi linabanwa kati ya vibao viwili na kupigwa picha mbili kila upande kwa mionzi kidogo. Wanawake hawaipendi kwa sababu inabana, lakini ndiyo iliyojaribiwa kwa makumi ya miaka, juu ya malaki ya wanawake, ikaonekana kupunguza vifo. Ekografi peke yake haijawahi kuonyesha hivyo.

Ila mamografi nayo ina upofu wake. Kwenye picha yake mafuta ya titi yanatoka meusi, tezi na nyuzi zinatoka nyeupe, na kansa inatoka nyeupe pia. Mwanamke mwenye mafuta mengi, uvimbe wake unajitokeza wazi. Mwenye titi zito, lililojaa tezi na nyuzi, kumtafutia uvimbe mdogo ni kutafuta punje ya chumvi ndani ya unga wa bukari. Madaktari wa picha wameugawa uzito huo katika ngazi nne, kuanzia A hadi D. Huko Marekani, ambako wamehesabu, karibu nusu ya wanawake wa miaka 40 na zaidi wako kwenye ngazi mbili za juu, na kadiri mwanamke alivyo kijana ndivyo uwezekano huo unavyozidi. Uzito huo hauonekani kwa macho wala haujulikani kwa kushika. Titi gumu mkononi linaweza kuwa la mafuta, na titi laini likawa zito. Ni mamografi inayousema.

Hapo ndipo ekografi inapoitwa. Inatuma mawimbi ya sauti yasiyosikika, haina mionzi, haibani mtu. Kwenye skrini yake tezi na nyuzi hutoka nyeupe-nyeupe, na kansa nyingi hutoka nyeusi. Kitu kilichojificha kwenye picha ya kwanza kinaweza kujianika kwenye ya pili. Kwa hiyo inaitwa kipimo cha nyongeza: inaifuata mamografi, haiichukulii kiti chake. Na haiwezi kukichukua, kwa sababu kuna chembe ndogo mno za chokaa ambazo mara nyingi ndizo dalili ya kwanza ya kansa iliyo bado ndani ya mirija ya maziwa. Mamografi inazinasa, ekografi mara nyingi inazipita.

Utafiti mkubwa kuliko yote juu ya jambo hili ulifanyika Japani, ukachapishwa mwaka 2016. Walichukua wanawake karibu 73,000 wa miaka 40 hadi 49, umri ambao matiti mazito ni mengi. Nusu walipimwa kwa mamografi, nusu kwa mamografi pamoja na ekografi. Kundi la kwanza likagunduliwa kansa 117, la pili 184. Kansa zilizochomoza zenyewe kabla ya zamu ya kipimo kinachofuata zilikuwa 35 kwenye kundi la kwanza na 18 kwenye la pili. Si jambo dogo, na mtu akiniuliza kama nyongeza ina maana, nitamwonyesha hesabu hiyo.

Lakini hesabu ina ukurasa wa pili, ambao kwenye kampeni zetu hausomwi. Katika kila wanawake 1,000 wasio na kansa, mamografi peke yake iliwaita 86 warudi kwa vipimo zaidi. Ilipoongezwa ekografi wakawa 123. Huko Marekani, utafiti uliotoka mwaka 2008 juu ya wanawake 2,809 wenye matiti mazito na hatari iliyozidi ya kawaida uliona kansa kama 4 za ziada kwa kila wanawake 1,000 waliopimwa. Ila wale waliochomwa sindano ya kutolea kipande cha nyama kwa sababu ya kitu kilichoonekana kwenye ekografi tu, chini ya mmoja kati ya kumi ndiye aliyekutwa na kansa. Waliobaki walichomwa, walikosa usingizi, wakaambiwa hawana kitu. Kule mwanamke kama huyo analipiwa na bima na majibu anayapata upesi. Huku kwetu anauza cherehani.

Na bado hakuna aliyethibitisha kwamba nyongeza hii inapunguza vifo. Mwaka 2024 jopo la Marekani linalotoa mwongozo wa vipimo vya kinga lilipendekeza mamografi kila baada ya miaka miwili, kuanzia miaka 40 hadi 74. Kuhusu kuongeza ekografi kwa wenye matiti mazito likasema ushahidi hautoshi kukubali wala kukataa. Mwaka huohuo, tangu tarehe 10 Septemba, kila kituo cha mamografi nchini humo kinalazimika kumwambia mwanamke kama titi lake ni zito au si zito, ili yeye na daktari wake waamue. Angalieni mpangilio: mamografi kwanza, kisha mwanamke ajue uzito wa titi lake, kisha ndipo waongee habari ya nyongeza.

Sasa turudi Lubumbashi. Mama wa Katuba hajawahi kupigwa mamografi, na nchi yetu haina mpango wa kuwaita wanawake wote kwa kipimo hicho. Hajui kama titi lake ni A au D. Tunapomlaza tukampaka jeli kifuani na kusema tunamfanyia depistaji, ekografi hiyo ni nyongeza ya nini?

Na mashine yenyewe ni ipi? Hili nataka mlione kwa karibu, maana halimo kwenye ripoti mnazoletewa. Vituo vyetu vingi vilipata ekografi kwa ajili ya wajawazito. Sonda iliyokuja nayo, kile kifaa kinachowekwa juu ya ngozi, ni ile pana, yenye uso uliopinda, inayofanya kazi kwenye megahezi 2 hadi 5. Imetengenezwa kutazama mbali, ndani ya tumbo, mtoto alipolala. Titi halina kina cha tumbo. Linahitaji sonda bapa ya megahezi 10 na zaidi, inayoona vizuri sentimita chache zilizo chini ya ngozi. Ukimwekea mwanamke sonda ya mimba kwenye titi, sehemu ya juu ya picha inakuwa ukungu mtupu, na sehemu hiyo ndiyo unayoitafuta. Uvimbe wa milimita nane unaupita kama haupo. Nimeshuhudia kampeni zinazopima foleni nzima ya wanawake kwa sonda ya mimba. Aliyeishika hakuwa mzembe, ndiyo aliyopewa.

Halafu karatasi. Ripoti nzuri ya ekografi ya titi inasema upande gani, mahali gani kwa kufuata namba za saa ya ukutani, umbali gani kutoka kwenye chuchu, ukubwa kwa milimita, umbo, kingo zake, kama kitu kimelala au kimesimama, na makwapa yakoje. Mwisho inatoa namba ya daraja, ambayo daktari yeyote duniani anaisoma vilevile. Daraja la 3 maana yake uwezekano wa kansa hauzidi asilimia 2, arudi baada ya miezi sita. La 5 maana yake uwezekano ni asilimia 95 au zaidi, asirudi nyumbani bila tarehe ya sindano. Karatasi za kampeni nyingi nilizoletewa zina herufi tatu: RAS. Hakuna cha kutaja. Hakuna jina la aliyepima, hakuna picha, wakati mwingine hata tarehe hakuna.

Mama mmoja muuza dagaa wa kapenta alikuja chumbani kwangu na karatasi ya namna hiyo. Alikuwa ameikunja vizuri ndani ya mfuko wa plastiki, pamoja na kadi ya kura. Siku ya kampeni alikuwa tayari anahisi kitu kwenye titi la kulia, na aliwaambia. Wakampima, wakamwandikia RAS. Kwa hiyo mume akasema waache kupoteza makuta, mchungaji akasema jibu limeshatoka, na yeye mwenyewe, aliyekuwa na hamu kuliko wote ya kuamini, akaamini. Msimu mzima wa mvua ukapita. Nilipomwekea sonda bapa, kitu kilikuwa pale penye namba 10 ya saa, cheusi, kingo zake zimechongoka, kimesimama kirefu kuliko upana wake, na chini ya kwapa tezi zimevimba. Hakuniuliza kama ni kansa. Aliniuliza kama karatasi ile ya kwanza ilikuwa ya mtu mwingine.

Waheshimiwa, huyo mama hakuwa mtu wa depistaji hata kidogo. Alikuwa na dalili. Na kwa mwenye dalili, hapo ekografi haina mpinzani; ndiyo sababu ninaitetea. Inatenganisha kifuko cha maji na kitu kigumu kwa dakika chache. Kwa msichana wa chini ya miaka 30 mwenye uvimbe, ndicho kipimo cha kuanza nacho, na mara nyingi kinamwondolea hofu palepale, kwa sababu uvimbe mwingi wa matiti, hasa kwa vijana, si kansa. Kwa aliyevuka 40, inakwenda pamoja na mamografi. Na pale panapohitajika sindano, ndiyo inayoonyesha sindano ipite wapi. Hata hivyo ekografi safi haifuti uvimbe unaoshikika: mkono ukisema kipo na skrini ikasema hakipo, mwanamke haruhusiwi kwenda zake mpaka jambo limetafutiwa maelezo. Nalisema kwa sababu wenzangu kadhaa wanaiamini skrini kuliko mkono wao.

Tena tukumbuke ni wanawake gani tunaowaongelea. Afrika kusini mwa Sahara, sehemu kubwa ya wanaopata kansa ya titi bado hawajafikisha miaka 50, na zaidi ya nusu wanafika hospitali ugonjwa ukiwa umeshafika hatua ya tatu au ya nne. Utafiti uliofuatilia wanawake wa Namibia, Nigeria, Afrika Kusini, Uganda na Zambia ulikuta nusu tu walikuwa hai miaka mitatu baada ya kugunduliwa. Zambia ni jirani yetu wa karibu; wenye uwezo hapa mjini huvuka mpaka wa Kasumbalesa kwenda kutibiwa hospitali ya kansa ya Lusaka. Wasio na uwezo wanabaki na karatasi.

Basi kwa mji kama wetu swali si namna ya kuwakuta wanawake wazima wengi zaidi kwa siku moja. Ni namna ya kumfikisha haraka yule aliyekwisha kushika kitu. Shirika la Afya Duniani, katika mpango wake wa kansa ya titi ulioanza mwaka 2021, liliweka vipimo vitatu ambavyo nchi yoyote inaweza kujipima navyo: angalau asilimia 60 ya kansa zigunduliwe katika hatua ya kwanza au ya pili, jibu lipatikane ndani ya siku 60 tangu mwanamke alipofika kwa mganga, na asilimia 80 wamalize matibabu yao. Siku 60. Naomba mtume mtu, kimyakimya, achukue mafaili ya hospitali yoyote ya umma mjini hapa na ahesabu.

Atakachokikuta nakijua kwa sehemu. Atakuta kwamba baada ya ekografi njia inakatika. Sindano nene ya kutolea kipande cha nyama hainunuliwi na hospitali. Familia inatumwa kuitafuta farmasi. Kipande kikishatolewa kinawekwa kwenye kichupa cha formol, dawa ya kuzuia nyama isioze, na kichupa anapewa ndugu wa mgonjwa akipeleke mwenyewe maabara, kwa taksi-basi, ndani ya mfuko wa soko. Nimewahi kuona kichupa kilichowekwa maji ya chumvi badala ya formol kwa sababu formol ilikuwa imekwisha. Nyama ikioza au ikikaa ovyo, maabara haitaweza kusema kama kansa ile inakula homoni au la, na bila jibu hilo daktari anachagua dawa kwa kukisia. Gharama zote za mwanzo zinakuwa zimemwagwa, na mwanamke inabidi achomwe upya. Wengi hawarudi.

Mtasema haya yanahitaji Ulaya. Rwanda si Ulaya. Hospitali ya Butaro, kaskazini mwa nchi hiyo, iko kijijini milimani, na ina kituo cha kansa tangu mwaka 2012. Huko waliwafundisha wauguzi wa vituo vya afya kupima matiti kwa mkono, na wakawafundisha waganga wa kawaida na wauguzi, watu ambao si wataalamu wa picha, kufanya ekografi ya titi kwa wenye dalili. Mumbai, India, wahudumu wa afya wa mitaani walipima matiti kwa mkono kila miaka miwili, katika utafiti wa miaka 20 uliogusa wanawake zaidi ya 151,000. Kansa zilianza kugunduliwa zikiwa katika hatua za chini, na kwa wanawake wa miaka 50 na zaidi vifo vilipungua karibu asilimia 30. Kwa walio chini ya hapo, faida hiyo ya kupungua kwa vifo haikuonekana. Naisema ili nisije nikawauzia mkono kama wengine wanavyouza mashine. Lakini mikono tunayo, kwenye kila zoni ya afya, na haizimiki SNEL ikikata.

Kuhusu pesa nitasema kifupi, kwa sababu ninyi mnazijua kuliko mimi. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inalipa jimbo asilimia 25 ya ushuru wa madini unaotozwa juu ya thamani ya madini yanayouzwa, na asilimia 15 inakwenda kwa komuni na sekta ambako mgodi uko. Juu ya hayo kampuni zinatakiwa kutenga asilimia 0.3 ya mauzo yao kwa maendeleo ya wakazi. Sonda bapa moja ni pesa ndogo ukilinganisha na gharama ya mabango ya Oktoba. (Tisheti ya waridi niliyopewa mwaka juzi ndiyo ninayolalia. Kitambaa kizuri, sikatai.)

Ninachoomba kinaweza kuanza kabla ya mashine yoyote mpya kununuliwa. Daktari Mkuu wa Divisheni, toa waraka mmoja: ekografi ya titi isifanywe kwa sonda ya mimba, na isiandikwe RAS. Kiwepo kikaratasi kimoja cha ripoti kwa jimbo zima, chenye mahali, milimita, daraja, na jina la aliyepima. Hicho kinaweza kuchapishwa wiki hii.

Kampeni ya Oktoba iendelee, lakini mpangilio wake ugeuzwe. Gari la vipaza sauti liwaite wanawake wenye uvimbe, wenye chuchu inayotoa damu au iliyoingia ndani ghafla, wenye ngozi iliyojikunja, wenye kitu kwapani. Wapimwe kwa mkono na muuguzi aliyefundishwa, kisha wanaohitaji wapitie kwenye ekografi ya kweli. Mwanamke mzima asiye na dalili apewe maelezo na apimwe kwa mkono, bila kulazwa chini ya sonda ili tu idadi ya waliopimwa ipendeze kwenye ripoti ya mfadhili. Najua idadi hiyo inasomwa kwenye hotuba. Isomwe nyingine: wangapi walikuwa na uvimbe, wangapi walichomwa sindano, wangapi wamepata jibu, na baada ya siku ngapi.

Mheshimiwa Waziri, chagua hospitali mbili au tatu za umma, usizidishe, ambako ekografi ya titi, sindano, formol na mtu wa kuzitumia vitakuwa chini ya paa moja kwa siku zinazojulikana. Mwanamke atoke Kampemba asubuhi akijua Jumanne ndiyo siku. Vichupa vibebwe na hospitali yenyewe hadi maabara, visibebwe tena na shemeji wa mgonjwa. Bei iandikwe ukutani kwa franka, ijumlishe ekografi, sindano na maabara, ili mama ajue tangu mwanzo njia nzima inagharimu nini. Kinachowafukuza wengi ni kile kibei kinachozaliwa upya kwenye kila mlango.

Waheshimiwa wabunge, mkitaka kununua mamografi, nunueni. Siku moja tutafika kwenye depistaji yenyewe, na siku hiyo nyongeza ya ekografi itakuwa na kitu cha kuongezea. Lakini nunueni moja, si tano, na kwenye mkataba huohuo iwemo stabilizeri ya umeme, fundi wa matengenezo kwa miaka, na mafunzo ya watakaosoma picha. Kabla ya kuizindua, mwulizeni mkurugenzi wa hospitali itakakowekwa: mwanamke akikutwa na doa, anakwenda mlango gani? Akisita kujibu, utepe usikatwe kwanza.

Na mtulipie mafunzo. Ekografi ya titi haijifunzi kwa kuangalia video. Japani, kabla ya utafiti ule, wapimaji wote walifundishwa kwa utaratibu mmoja. Hapa kwetu mtu anakabidhiwa titi kwa sababu anajua kupima mimba. Wako wauguzi na mafundi wa picha mjini hapa walio tayari kukaa chini wafundishwe, wapimwe, na wakishindwa waambiwe hawajaweza. Nimo miongoni mwao, na nitafanya mtihani huo tena kama wengine.

Wale mama wanaorudi Januari na karatasi za Oktoba huja chumbani kwangu, si ofisini kwenu, kwa hiyo nawaalika mje mkae humo siku ya Jumatatu, mwanzo wa mwaka, mlango ukiwa umefungwa na mwanamke akiwa amekubali. Kama hilo haliwezekani, nijibuni kwa maandishi kabla ya kikao cha bajeti kufungwa: ni hospitali zipi, sonda zitafika mwezi gani, na nani atawajibika kwa zile siku 60.

Wenu katika kazi,

Muuguzi wa ekografi, Katuba, Lubumbashi